Ramani Isiyokuwa na Njia ya Mama

Riwaya yangu ilikuwa imekufa mara nne, na mara zote nne ilifia sura ya tatu. Ushahidi ulikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda: madaftari manne, kila moja limejaa maandishi mpaka pale baba wa hadithi anapofariki, halafu kurasa nyeupe pe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na subira yangu ni ndogo. Daftari la nne nililipeleka jikoni likatumike kuwashia moto. Mama akalirudisha na kuniuliza kama nina wazimu.

Ndipo nikahudhuria semina ya walimu kule Embu. Mkufunzi wetu, mwanamke mwembamba ambaye hakuacha kutabasamu kutwa nzima (hilo peke yake liliniudhi), alitufundisha kuwasaidia watoto kupanga insha kwa ramani ya mawazo. Unaandika jambo kuu katikati ya karatasi, unalizungushia duara, kisha unatoa mistari kwenda kwa mambo mengine, na hayo nayo yanazaa mengine. Nilimuuliza kama mtu anaweza kupanga riwaya nzima namna hiyo. Akasema nijaribu nione. Safari yote ya kurudi Kibirichia nilichora kwa kidole juu ya paja langu, nikitaka sana kujua kama mchezo huu wa maduara ungenivusha sura ya tatu. Niliapa kwamba ukishindikana naachana na uandishi kabisa, nilime viazi na kusahihisha insha kama walimu wenzangu.

Jumapili baada ya kanisa nilibandika karatasi nne za manila kwenye ukuta wa sebule. Hadithi yenyewe ilikuwa ya boma moja la wakulima, na kwa kuwa kubuni watu ni kazi, nilichukua wa kwetu. Katikati niliandika BABA. Baba yangu alikuwa amefariki miaka sita kabla ya hapo, na bado nilimwona kila mahali. Kutoka kwake nikatoa mistari ya bluu: kwa shamba, kwa kanisa, kwa kaka, kwa baba mdogo, kwangu mimi. Chini pembeni, karibu na duara la jiko, nikamweka MAMA, na mstari mmoja wa kutoka kwa BABA. Nikaitazama kazi yangu, nikajiona bingwa.

Jumatatu nikitoka shule nilikuta viatu vya gambuti vyenye matope mlangoni. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu, kofia magotini, macho ukutani. Huyu ndiye huitwa kila shamba linapogawanywa katika ukoo wetu, na hajawahi kuja bila kuitwa. Mama, ambaye hukaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, alikuwa anammiminia chai bila kuniangalia. Mama hajui kusoma, lakini michoro ya savea, mpima ardhi, anaijua. Aliiona ikitandazwa nyasini miaka ile ya baada ya uhuru, mashamba yalipopimwa. Mistari ya rangi, maduara, watu wa familia moja: kwake hilo lilikuwa jambo moja tu, kugawa shamba, naye akamwita mgawaji.

"Mwalimu," baba mdogo akaanza, "wewe ni msichana wetu na tumekusomesha. Lakini shamba ya ndugu yangu unagawa kimya kimya hivi, kwa ukuta?"

"Baba, hiyo si shamba."

"Mimi nilifika class four. Hapa imeandikwa Baba Mdogo." Akainuka, akagusa karatasi. "Na hapa mbele, anafukuzwa. Nafukuzwa niende wapi?"

Nilijiuma mdomo nisicheke. Nikawaeleza kama ninavyoeleza darasa la tatu: hiki ni kitabu, hakijaandikwa bado, na hawa ni watu wa kitabuni.

"Kwa hivyo ni uongo."

"Ni uongo, baba."

"Na unanifukuza kwa nini?"

"Sijajua bado."

"Ukijua uniambie mapema," akasema, akaendelea na chai yake.

Mama hakucheka. Alikuja ukutani akaniuliza, "Mimi uliniweka wapi?"

Nikamwonyesha. Kwetu, shamba likigawanywa, watu hawaanzi kwa kuuliza ukubwa, wanauliza njia. Kila kipande lazima kiwe na njia yake ya kufika barabarani na mtoni, mtu asipitie uani kwa mwenzake. Savea akisahau njia, wazee wanamrudisha aanze upya. Hivyo ndivyo mama alivyoikagua riwaya yangu. Kidole chake kilipanda na mstari wa bluu mpaka kwa BABA, kikasimama, kikarudi, kikazunguka duara lake kutafuta mstari mwingine. Haukuwepo.

"Njia yangu ni hii moja? Napitia kwa baba yako?"

"Ni ya hadithi tu, mama."

"Nimesikia. Kwa hiyo hadithi, baba anafanya nini?"

"Anakufa. Sura ya tatu."

"Sasa akikufa, mimi natokea wapi?"

Nilitazama ramani yangu upya. Si yeye peke yake. Kaka, kanisa, shamba, mimi, sote tulipitia duara moja, na kila nilipomuua mwenye duara nilikuwa nimefunga lango la boma zima. Madaftari manne nilikuwa nalaumu kalamu! Nilifurahi, halafu nikaona aibu. Baba alikuwa hayupo miaka sita, na mama hakuwa amekwama hata siku moja. Alilima, alipeleka viazi sokoni Kiirua, aliongoza kina mama wa kanisa. Ujana wa baba ningeweza kuusimulia nikiwa nimefumba macho. Wa mama sikuujua hata kidogo.

Nikampa kalamu nyekundu. "Chora mwenyewe."

Aliishika kwa ngumi. Akaanzia kwenye duara lake, akateremka bila kumgusa mtu yeyote, akapita ukingo wa karatasi, akaendelea kwenye rangi ya ukuta.

"Hiyo imetoka nje ya shamba," baba mdogo akasema.

"Najua."

"Inaenda wapi, mama?" nikauliza.

"Kianjokoma. Kwetu, kwa wazazi wangu."

"Ya kutembelea?"

"Nilipita hiyo njia mara moja, wewe nimekubeba kwa mgongo. Sikuwa narudi."

Baba mdogo akainamia kikombe chake. Alikuwa anajua. Watu wazima wote wa ukoo huu walikuwa wanajua.

"Kwa nini ulirudi?"

"Andika kwanza hiyo njia inaenda wapi."

Nikaandika KIANJOKOMA ukutani kwa herufi kubwa. Mama akakipita kigoda chake, akavuta kiti mpaka katikati ya chumba, akaketi, akaanza kusimulia.