Ile Skani ya Tabby

Nyinyi watu wa "nitapanga wikendi" mnanichosha. Makaratasi yenu iko kwa paperbag, paperbag iko kwa msumari nyuma ya mlango, na kila Januari mnaiangalia tu mkiongeza ingine ndani. Halafu siku mnaamka kupanga, mnapanga na pupa kama mtu anazima moto. Sikiza ya Tabby.

Tabby anauza maziwa huko mtaa wa Free Area, ile ya mashine, unaweka chupa inajaza. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na mimba ya miezi nane. Mtoto akazaliwa kimya. Mama mkwe alisimama mlangoni pa wodi akasema, "Asionyeshwe. Atazidi kuumia." Wakatii. Maxwel, bwanake, akaenda kuzika na mjomba wake. Tabby akarudishwa nyumbani matiti yamejaa, hakuna wa kunyonya. Picha pekee ya huyo mtoto ilikuwa skani ya kliniki, kakaratasi ka kung'aa, mkono karibu na mdomo.

Akaiweka kwa paperbag. Kila mara alimwambia Maxwel atanunua file yenye plastiki ndani. Hakununua. Ukweli ni aliogopa kuitoa, na picha ikaendelea kufifia huko ndani bila yeye.

Jumamosi juzi mashine ikakwama, fundi akasema atakuja saa tisa. Tabby akaingia nyumbani akamwaga paperbag yote kitandani. Risiti huku, barua za landlord kule, cheti cha form four juu. Dakika arobaini, kazi ya miaka mitatu ikaisha, hata akacheka peke yake. Kisha akatoa skani. Upande mmoja ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Mkono ulionekana bado, lakini kwa shida.

Hakungoja tena. Akatoka na skani na cheti mpaka kwa Mujahid, mwenye cyber hapo mbele.

"Niaje madam wa maziwa. Leo umetutoroka?"

"Mashine imegoma. Nifanyie laminate hizi mbili. Hii ndogo uichunge sana, boss."

"Hapa hakuna kitu imewahi kupotea. Tulia."

Cheti kikapita kwa mashine ya moto, kikatoka safi ndani ya plastiki. Skani ikaingia. Upande wa pili wa mashine ikatoka nyeusi. Nyeusi yote, inang'aa, bado moto.

Hizo karatasi huchapishwa kwa joto, na joto ndio huziua. Mujahid hakujua. Tabby naye angejulia wapi?

"Ilikuwa nini hii?"

"Mtoto."

"Ah, basi rudi kliniki wakutolee ingine. Si wanasave?"

"Ilifungwa. Saa hii ni butchery."

"Na kwa simu? Hukuwahi kuipiga picha?"

Tabby aligeuza ile plastiki kwa mwanga wa mlango, huku, kule, akitafuta mkono. Mujahid alikataa pesa yake.

Maxwel alipotoka kazini alikuta makaratasi imepangwa vizuri mezani na bibi yake amekaa kando. Tabby akamuuliza kitu hajawahi kumuuliza.

"Maxi, wewe ulimwona. Alikuwa anakaa aje?"

"Si tulimaliza hii maneno?"

"Hatujawahi kuianza. Niambie tu uso."

Maxwel akasukuma kikombe cha chai kando.

"Walikuwa wamemfunga na leso. Nilifungua kidogo. Mama alikuwa anapiga simu tuharakishe. Sikumbuki, Tabby. Najaribu, simwoni."

Akalia yeye kwanza. Tabby alimwangalia tu. Hakuna mtu mwingine wa kuuliza. Mjomba alikuwa amebaki kwa gari.

Wewe unayesoma, kama uko na karatasi ya skani mahali, usiipeleke laminate. Itoe saa hii, ipige picha na simu, umtumie mtu mmoja unayemwamini. Fanya hivyo kabla hujafungua kitu kingine kwa hiyo simu.