Matete ya Bwawa la Tatu

"Maji yakitoka kwa bwawa langu la tatu, mimi nayanywa, na sichemshi!" Hesbon Walubengo aliyasema hayo mbele ya baraza zima, siku mabwawa ya majitaka yalipofunguliwa chini ya soko letu, upande wa Naitiri. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyekimbia kuleta kikombe.

Hesbon ndiye aliyeajiriwa kuyalinda, na kusema kweli aliyajua mabwawa yale kama mtu anavyomjua ng'ombe wake. Uchafu wa soko na wa shule ulitulia katika la kwanza, ukaozea katika la pili, kisha maji yakapita polepole kwenye matete ya bwawa la tatu. Mizizi ya matete iliyachuja kabla hayajaingia kijitoni tunakoteka. Aliyapanda mwenyewe. Ukikata hata moja la kuezekea banda la kuku, ulitukanwa hadi ukoo mzima ukasikia.

Isipokuwa mtu mmoja. Shamba la mama mkwe wake lilipakana na bwawa hilo, na mama aliona tope jeusi, tamu, limekaliwa bure na nyasi. Aling'oa mistari miwili akapanda nduma. Sasa, kwetu mwanamume hamkabili mama mkwe. Akimwona njiani anaingia kichakani. Kwa hivyo mama alipokuja na jembe, mlinzi alikimbilia nyuma ya choo, akajibanza huko mpaka mwizi amalize kupalilia. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

"Sellah, mwambie mamako," alimsihi mkewe.

"Nimwambie nini? Ati kinyesi cha soko ni chako peke yako?"

Nduma zilinenepa. Majirani wakaona, wakasema, huyo ameachwa, si hata sisi? Kufikia mvua za Aprili hapakuwa na tete la kumficha chura.

Juni, watoto wanaokaa upande wa chini wa kijito walianza kulazwa na homa ya matumbo. Wawili tuliwazika. Baraza likaitwa tena. Wakoli wa bodaboda, baba wa mmoja wao, alisimama na kikombe cha plastiki.

"Fundi, si ulisema unakunywa? Nimekutekea mwenyewe. Kunywa, ama utuambie ni nani alianza kung'oa matete."

Jina moja tu lingemwokoa. Mama mkwe alikuwa safu ya mbele, amejifunga leso mpya, anaangalia vidole vyake. Hesbon hakugeuza macho upande ule. Alipokea kikombe, akanywa chote, akapangusa ndevu.

"Bwawa ni langu," alisema. "Nililala kazini."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Homa ilimshika baada ya wiki mbili. Alishikilia kuwa ni malaria tu, bana, akameza dawa za duka siku baada ya siku. Alipofikishwa hospitalini Kitale, utumbo ulikuwa umeshatoboka. Alirudi nyumbani ndani ya sanduku.

Mama mkwe alikuja matangani, akasimama kando ya jeneza, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akaenda jikoni. Waombolezaji walipewa chai na nduma, na sisi tuliokuwa tukicheka tukala, tukaongezwa.

Bwawa la tatu halina mlinzi. Siku za soko nduma zake hufika Chwele, zimeoshwa kijitoni zikang'aa. Fungu la nduma nne ni shilingi mia moja.