Kifungo cha Mama Mkwe

Wenzangu wa mtaa wetu wa Jericho wamenicheka kwa habari hii mpaka wamechoka, na wengine wamehama mtaa wakaenda kuendelea kunicheka huko Kayole, kwa hiyo sioni tena sababu ya kuificha. Mimi, mtu ambaye riziki yangu ilikuwa kuyapulizia rangi magari ya watu kwenye gereji moja ya Industrial Area, nilimfungia mama mkwe ndani ya gari kwa sababu ya rangi ambayo haijakauka. Ndiyo, rangi. Kazi yangu mwenyewe.

Gari lenyewe lilikuwa la kizamani, la michezo, viti viwili tu na paa hakuna, lililoachwa na Mwingereza mmoja aliyerudi kwao, na nilipolikuta, kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mimi na rafiki yangu Karanja, fundi wa injini, tulilihangaikia kila Jumamosi nje ya nyumba yangu mpaka majirani wakadhani ni ugonjwa. Sakafu iliyooza tukaiziba kwa bati, palipokuwa na kabureta moja tukaweka mbili, springi tukazikata ili gari likae chini lisiyumbe kwenye kona, maana nia haikuwa kutamba nalo mtaani tu, bali pia kushindana katika mbio za vumbi, zile za gari moja moja kuzunguka mapipa uwanjani, na anayemaliza upesi ndiye mshindi. Viti nilishonewa Kariokor na fundi wa ngozi, na mikanda nikaipata sokoni Gikomba, mikanda ya ndege (aliyeniuzia aliapa hivyo), minne kwa kila kiti, inayokutana tumboni kwenye kifungo kimoja kikubwa cha chuma ambacho lazima ukizungushe ndipo kiachie.

Jumamosi moja jioni, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya mashindano yetu ya kwanza, gari likawa limeiva, jekundu kama pilipili, na mkebeni ikabaki rangi kidogo. Kidogo tu! Nikaona ni dhambi kuitupa. Nikavipaka vile vifungo viwili, changu na cha abiria, vifanane na gari, nikaenda kulala nikiwa mtu mwenye furaha kabisa.

Sasa, asubuhi hiyo hiyo ya Jumapili mama yake Jerida alikuwa anafika kwa basi la usiku kutoka Bunyore. Jerida ndiye msichana niliyetaka kumwoa, na mama yake alikuwa anakuja kuniangalia tu, kisha arudi nyumbani kuwaambia wazee ndiyo au hapana. Jerida alikuwa amenisihi nikampokee kwa teksi, nami nikasema sawa, lakini nilipoamka nikaliona gari langu linavyong'aa, jamani, nani angetafuta teksi?

Kwetu Magharibi, kwa asiyejua, mama mkwe haguswi. Humpi mkono, huketi karibu naye, ukikutana naye njiani unampisha. Nami nilikuwa nimekwenda kumchukua kwa gari ambalo viti vyake vimebanana kama meno. Alikuwa amesimama pale stendi ya mabasi ya mashambani, gauni jeupe la kanisani, kikapu cha ndizi mbivu mkononi, akalitazama gari, kisha akanitazama mimi, na hapo ndipo akili ziliponirudia.

“Mama,” nikasema kwa mbali, “labda nikutafutie teksi, maana kwa desturi yetu...”

“Desturi ni ya mkwe,” akanikata. “Wewe bado si mkwe wangu. Wewe ni dereva. Fungua mlango.”

Neno hilo lilinichoma, lakini nikafungua. Mlango wa upande wake ulikuwa na tabia ya kufunguka wenyewe kwenye kona, kwa hiyo nikamwelekeza namna ya kujifunga mikanda, mimi nikiwa nimeugeukia ukuta kwa heshima, nikasikia kifungo kikilia ka! Changu sikujisumbua kukifunga.

Tulifika Jericho salama, watoto wakikimbia nyuma yetu, mimi nikijiona mtu. Jerida akatoka mbio kumlaki mama yake, akakizungusha kifungo, na kifungo kikakataa. Jua lilikuwa limekipasha kile chuma, rangi mbichi ikaingia katikati ya meno yake, ikashika kama ugali uliokaukia sufuriani. Akaja jirani na mafuta ya kupikia, mwingine na sabuni, wengine wakaleta ushauri (hao ndio walikuwa wengi). Jerida alipokuja na kisu ili aikate mikanda, nikajikuta nimepiga kelele, “Taratibu, hiyo ni ya ndege!”

Mama akageuka polepole akanitazama. “Kwa hiyo chenye thamani hapa ni mkanda?”

“Hapana, Mama.”

“Na hicho kisu kirudi jikoni. Hakikaribii tumbo langu.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kifungo kimekuwa kifungo kweli, na mfungwa ni mama mkwe. Dawa ya rangi kama hiyo ni tina, yale maji makali tunayolainishia rangi, lakini tina yangu ilikuwa ndani ya sanduku la vifaa, sanduku alikuwa nalo Karanja, na Karanja alikuwa ametangulia uwanjani, upande wa kwenda Embakasi. Maduka nayo yamefungwa, Jumapili. Ikabidi nimpeleke Mama huko huko uwanjani, akiwa vilevile kwenye mikanda. Nafasi ya Jerida kwenye gari haikuwepo, kwa hiyo alinisogelea tu, akaninong'oneza kwa sauti ambayo sijaisahau: “Mamangu akirudi na hata mkwaruzo mmoja, wewe usirudi.”

Kule uwanjani lango liliniingiza moja kwa moja kwenye foleni ya washindani, mbele magari, nyuma magari, kamba huku na huku. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye bendera akaja akiangalia namba ya gari langu.

“Ni zamu yako. Songa, songa!”

“Mzee, nina shida kidogo...”

“Shida baadaye! Watu nangoja!”

Mama akauliza, bila kunitazama, “Huyo Karanja yuko wapi?”

“Yule kule ng'ambo, Mama, pale mbio zinapoishia.”

“Na njia ya kufika kwake?”

“Ni hii hii ya mapipa.”

“Basi nipeleke. Si wewe ni dereva?”

Mzee wa bendera akamvika kofia ya chuma juu ya kitambaa chake cha kichwa, kikapu cha ndizi kikiwa magotini, bendera ikashuka. Nami ningeenda polepole, naapa, lakini zile kabureta mbili hazikujua polepole ni nini. Kila kona ya kulia mwili wangu ulitaka kumwangukia Mama, na mimi sina mkanda, kwa hiyo niliushikilia mlango wangu kwa mkono mmoja kwa nguvu zangu zote na kuzungusha usukani kwa mkono mwingine, watu wakipiga miluzi, ndizi zikiruka, Mama akimwita Yesu kwa Kinyore. Kona ya mwisho mkono mmoja haukutosha. Tuligonga pipa, tukazunguka, gari likazima katikati ya uwanja likiwa limeelekea tulikotoka.

Vumbi lilipotulia Mama akauliza, “Ule mlango ulikuwa unaushikilia wa nini?”

“Nisikuguse, Mama.”

Akaziokota ndizi zilizomwangukia mapajani, akazirudisha kikapuni. Mimi nilikuwa nimeshaihesabu harusi yangu kuwa imekufa, na machozi yalikuwa karibu, siwadanganyi. Karanja akafika mbio na sanduku.

“Buda, umeleta nani huku?”

“Mathe wa Jerida. Toa tina!”

Akalowesha kitambaa kwa tina, lakini alipoona kifungo kilipokaa akaona haya, akanisukumia mimi. “Gari ni yako bwana, fungua wewe.” Mzee wa bendera naye anapiga kelele kwamba nizuie mashindano mpaka lini, umati wote unapiga kelele, fungua, fungua! Nikakichukua kitambaa, nikafumba macho, nikanyoosha mkono.

“Wewe! Simama hapo hapo!” Mama alisema kwa sauti iliyonyamazisha uwanja. “Huyo kijana mwingine ndiye afungue. Huyu hanigusi. Huyu ni mkwe wangu.”

Kifungo kikalia ka, mimi nikiwa nimewageuzia mgongo, nikicheka na kulia kwa pamoja. Mama aliondoka pale na duara jekundu tumboni mwa gauni lake jeupe, na wazee walipokutana kule Bunyore alilivaa gauni lilelile, doa likiwa mbele, wala hakumweleza mtu limetoka wapi.

Tangu siku hiyo rangi ikibaki mkebeni naimwaga, hata iwe nzuri namna gani, na kitu chochote kinachofunguka hakiguswi na brashi yangu. Gari bado ninalo. Mama mkwe hajalipanda tena, desturi haimruhusu, ila akija kututembelea husimama mbali, ng'ambo ya barabara, akaniita kwa sauti mtaa mzima usikie: “Dereva, hujambo?”