Dalali Aliyekagua Meno ya Nyimbo

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na moja. La, nakosea, ilikuwa ishirini na mbili, maana ishirini na moja ng'ombe wa Garsen walikuwa wangali wanasimama bila kushikwa. Ishirini na mbili ukame ulilimaliza soko, na Abdiwahab, dalali wa mifugo, akakosa mnyama wa kutukana.

Kutukana ndiyo kazi yake. Asiyelijua soko letu nimweleze kidogo. Dalali akimtaka mnyama kweli, humponda. Humfunua mdomo aseme meno yamekwisha, humpapasa mgongo aseme hii ni mifupa iliyovikwa ngozi. Mwenye mnyama hukasirika, huondoka hatua chache, hurudi, na hapo biashara imeanza. Lakini dalali akikuambia, "Mashallah, mnyama safi, Mungu akubariki," shika kamba yako uende nyumbani. Amekwisha kukuacha. Jambo hili Waorma wanalijua, Wasomali wanalijua, na nadhani hata mbuzi wanalijua.

Basi redio ndogo ya mji ilikuwa inatafuta mtu wa kuhukumu nyimbo. Mwenye redio alikuwa na flashi iliyojaa rock, soul, jazz na pop, na vijana aliowajaribu walisema kila wimbo ni moto, wakanyamaza. Abdiwahab alikuwa na sauti ya kusikika ukingo wa pili wa mto, na hakuwa na kazi. Akapewa kiti.

Alihukumu kwa elimu aliyokuwa nayo. Ulipigwa wimbo wa rock, magitaa yanagombana, akasema, "Huyu ni dume. Nguvu anazo, lakini hajui mlango uko wapi, anapiga pembe ukutani mpaka mwisho." Ukaja wimbo wa soul, bwana mmoja ameachwa na analia. "Analia vizuri. Lakini nimesikiliza wote, hakuna mahali aliposema alifanya nini mpaka akaachwa. Mnyama anayeuzwa bila sababu, uliza sababu." Wa jazz akausikiliza ameinamisha kichwa. "Wametoka zizini pamoja. Tarumbeta ikaenda kisimani, ngoma ikashika njia ya Lamu, piano ikalala kivulini. Jioni wakakutana, na hakuna aliyemuuliza mwenzake alikuwa wapi." Na wa pop, uliokuwa unapigwa kila duka, akaumaliza kwa maneno machache: "Tumbo kubwa, lakini ni maji. Amenyweshwa asubuhi ya soko."

Watu walimpenda. Hata Ngumbao, fundi wa nyimbo wa hapa mjini, anayeimba kwa mashine inayomnyoosha sauti kama pasi, alipeleka wimbo wake. Abdiwahab akausikiliza mpaka nusu. "Wimbo safi," akasema. "Kwato nzuri, macho mazuri. Mungu akubariki." Ngumbao aliyachapisha maneno hayo kwenye fulana, akaivaa akapita nayo sokoni kifua mbele. Wafugaji walimpisha njia kwa heshima, kama mtu anayekwenda kuzika.

Mtu wa tatizo alikuwa Dorothy wa kijiji cha Wenje. Dorothy ni Mpokomo, mkulima wa migomba na mahindi, na ana wimbo mmoja tu alioutunga mwenyewe, wa soul, wa polepole, akiupiga kwa gitaa la kuazima kanisani. Aliurekodi kwa simu akautuma redioni. Mama yake alikuwa amemwambia, na mimi nilikuwapo nikiuza mikeka, "Wakiukubali, imba. Wakiukataa, urudishe gitaa la watu, magugu yanakungoja." Dorothy akasema sawa.

Siku wimbo ulipopigwa nilikuwa hotelini Garsen na chai mbele yangu. Ulipokwisha, Abdiwahab akauvamia. Meno hana. Anachechemea mguu wa nyuma. Ngozi imejaa kupe. Ubeti wa pili ni kidonda, na huyu aliyemfuga hajui kufuga. Alikula kipindi kizima juu ya wimbo mmoja. Mzee Jatani, mfugaji wa Kiorma, aliweka kikombe chini taratibu.

"Wallahi," akasema, "leo amependa."

Hoteli nzima ikakubali. Lakini huko Wenje Dorothy aliizima redio ilipofika kwenye kupe, akalirudisha gitaa.

Abdiwahab akamngoja. Aliniambia, "Atakuja. Amekasirika, ndiyo vizuri." Wiki ya kwanza akangoja, ya pili akaanza kutazama mlango wa redio. Mwisho tukapanda lori, yeye na mimi na mikeka yangu, mpaka Wenje. Tulimkuta Dorothy shambani.

"Abaayo, dada yangu," akasema Abdiwahab, "nimekuja kwa ule wimbo."

"Upi? Wenye kupe?"

"Huohuo. Ule mbovu."

"Umepanda lori kutoka Garsen kuja kuniambia ni mbovu."

"Mbovu sana. Ubeti wa pili siwezi hata kulala. Nausikia mpaka kwenye swala, Mungu anisamehe."

Nikaingilia. "Dada, huyu anausifu. Ndivyo wanavyosifu wao."

"Mzee wangu," akaniambia Dorothy, "huku kwetu mbovu ni mbovu. Ndizi mbovu hatuipeleki sokoni tukisema ni mapenzi. Kama ni mzuri, aseme mzuri. Akisema, nitakwenda kulichukua gitaa sasa hivi."

Nilimtazama Abdiwahab. Jasho lilikuwa linamtoka. Mtu aliyewahi kusema meno ya fahali wa chifu ni ya kuazima, mbele ya chifu, alikuwa anatafuta neno moja dogo. Kisha akalisema.

"Wimbo safi," akasema. "Mungu akubariki."

Dorothy alimkazia macho. "Hayo ndiyo uliyomwambia Ngumbao," akasema, "na Ngumbao tunamsikia anavyoimba." Akalichukua jembe lake akahamia mwisho wa shamba.

Mvua zilirudi, na mifugo ikarudi. Abdiwahab yuko sokoni, anafunua midomo ya ng'ombe. Kipindi cha nyimbo amepewa Ngumbao, anayesifu kila kitu na kukimaanisha, akiwa na fulana yake. Gitaa liko kanisani Wenje, limepungua waya moja. Na Abdiwahab bado ana wimbo ule kwenye simu. Nilimkuta nyumbani kwake akiusikiliza, mkewe Anisa anatumiminia chai. Ubeti wa pili ulipofika alitikisa kichwa akasema, "Kidonda hiki."

Hapo nikamuuliza swali lililomfanya Anisa aishike birika hewani angoje pamoja nami: "Wahab, na mama watoto huyu, siku ulipokwenda kumposa, ulimwambia nini?"