Malkia Niliyemtoa Pua

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, niliposugua uso wa malkia kwa ndimu na chumvi mpaka akabaki bila pua. Usicheke kwanza. Nina miaka kumi na sita na ndevu tatu, lakini kwa jambo hili mimi ni mzee wako.

Malkia huyo alikuwa kwenye sarafu ya shaba ya Warumi wa kale, iliyoshika kutu ya kijani. Upande mmoja mke wa kaisari, nywele zimesukwa na kuzungushwa kisogoni. Upande wa pili mungu wa kike ameshika mizani. Mamangu ni muuguzi hapa Doha, na alizawadiwa sarafu hiyo na ajuza Mlebanoni, mgonjwa wake kule mtaa wa Muaither.

Mama hakujali ukale wake. Nyanya, mama yake, alisuka hivyo hivyo, na pua ilikuwa ile ile. Nyanya hakupenda kupigwa picha. Aliyokuwa nayo ni ya kitambulisho tu, nacho chifu wa kijijini alikichukua Nyanya alipozikwa. Mama hakuwahi mazishi, ruhusa ya kazi ilichelewa. Basi kila akitoka zamu huishika ile sarafu dirishani, akiitazama.

"Huyo Mrumi atakujibu lini?" nikamtania.

"Koma, wewe! Msalimie nyanyako."

Ijumaa hiyo alikuwa kanisani Abu Hamour. Nikaona nimfurahishe. Wahenga walisema king'aacho chote si dhahabu. Hawakusema kisichong'aa kiachwe. Nikasugua. Kijani kikatoka, na sura ikatoka nacho. Kumbe shaba ya chini ilishaliwa zamani, kutu ndiyo iliyokuwa imemhifadhi nyanya. Nikabaki na kitu king'aacho kama kifungo cha askari.

Mama alirudi, akaipeleka sarafu kwenye mwanga.

"Amepotelea wapi?"

"Nimemwosha, Mama. Nilitaka apendeze."

Akapapasa kwa kidole gumba pale pua ilipokuwa. Hakunipiga, heri angenipiga. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu mwenyewe alikuwa amesimama pale na harufu ya ndimu mikononi.

Basi shika hili: kitu cha mtu usikitengeneze kabla hujamuuliza anaona nini ndani yake. Na Mola akujalie mtu wa kukusimulia waliokutangulia, akupe na subira ya kumsikiliza.

Maana Mama alivuta kiti, akaniambia: "Kaa hapa nikwambie alivyokuwa, kabla na mimi sijaanza kumsahau."