Kwa Hasani Hakuna Karatasi

Mara ya tatu mwalimu Alfonsi alipoegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa banda, Mwanaupe hakumpa hata kigoda. Alimwonyesha bati. Alikuwa amelipaka rangi nyeupe, akaliandika kwa herufi nyekundu KWA HASANI, akalipigilia juu ya mlango ili hata mtu anayesinzia ndani ya basi la Bunda alione.

"Ulitaka maandishi," alisema. "Haya hapa."

Mwalimu akainua mkono, akagusa herufi ya mwisho. Kidole kikarudi chekundu.

"Mama Kudura, hii bado mbichi."

"Itakauka."

"Ikishakauka, ningoje tena miaka kumi."

Jenoveva, jirani yake auzaye viazi vitamu hapo mlangoni, alicheka mpaka nusura akalie viazi vyake. Mwanaupe hakucheka. Bati lile lilimpotezea siku mbili nzima.

Huyu Alfonsi alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa Nyegina, mpole lakini mbishi kama punda. Kamati fulani ya wasomi pale Musoma ilikuwa imempa kazi ya kuzunguka na daftari, akusanye majina kwa ajili ya kitabu kikubwa cha mkoa ambacho mwenyewe alikiita ensaiklopidia: kila mahali na habari zake. Vijiji viliingia bila maswali. Vituo vidogo na njiapanda ndivyo vilivyowekewa sharti: jina lionekane katika karatasi yenye umri wa miaka kumi au zaidi. Ule ulikuwa mwaka wa tisini na nne.

Na kituo kile, kati ya Kiabakari na Bunda, jina lake lilitoka kwa marehemu mume wa Mwanaupe. Miaka ile ya shida, sabuni yenyewe watu waliipangia foleni, seuze tairi. Hasani akabuni kushona matairi ya baiskeli yaliyopasuka, kwa nyuzi za nyavu alizozifuata kwa wavuvi wa Mugango. Watu walisukuma baiskeli zao tangu Butiama. Ukiwauliza wanakwenda wapi, jibu lilikuwa moja: Kwa Hasani. Jina likakaa.

Kisha biashara ikafunguliwa. Matairi mapya yakaning'inia kila duka. Hasani akafa. Ng'ambo ya barabara pakafunguliwa baa yenye friji ya mafuta ya taa, na makonda wa mabasi wakaanza kuita pale Soda Baridi.

"Mwalimu," alisema Mwanaupe, "mwaka themanini na mbili nani alikushonea tairi la nyuma?"

"Hasani."

"Wapi?"

"Hapahapa."

"Na hapa panaitwaje?"

Mwalimu akavua kofia, akajipepea nayo. "Kwa Hasani. Lakini mimi si karatasi, Mama Kudura."

"Una macho, una mdomo, umefundisha watoto wa watu miaka thelathini. Karatasi ikuzidi nini?"

"Mimi naaminigi. Kamati ndiyo inataka kitu cha kushika."

"Wamshike Mwanaupe basi," Jenoveva akadakia. "Huyo kumi alishaipita zamani!"

Mwanaupe alikuwa amekwisha kutafuta. Makaratasi ya ofisi ya kata yaliliwa na mchwa. Hati yake ya ndoa iliandikwa Bunda mjini. Barua za ndugu zilikujaga kwa sanduku la posta la misheni. Kila alikogonga, hola.

"Leo ndiyo mwisho," alisema mwalimu. "Kesho daftari linakwenda Musoma. Nisipopata kitu, napaacha."

Mwanaupe akatupa jicho ndani, lilikokuwa sanduku lake. Maana karatasi moja ilikuwepo.

Mwaka themanini na tatu, wakati wa msako wa walanguzi, walikuja watu wakapekua nyumba, wakakuta mabunda saba ya nyuzi za nyavu. Fundi wa baiskeli na nyuzi za uvuvi wapi na wapi? Hawakungoja maelezo. Hasani alikaa rumande siku tisa, akarudi bila kesi na bila nyuzi, na karatasi mfukoni. Aliikunja mara nane. "Hii asiione mtu," alisema. Mwanaupe akaahidi, na ahadi akaitunza hata baada ya mazishi.

Hapo basi likasimama. "Soda Baridi! Wa Soda Baridi shuka!" Akateremka mama mmoja na kuku wake, akasimama chini ya lile bati, akauliza, "Samahani dada, Soda Baridi ni hapa?"

Mwanaupe aliingia ndani, akafungua sanduku, akarudi na karatasi.

Mwalimu aliikunjua taratibu, akasoma kwa sauti: "Nyuzi za nyavu, mabunda saba, zimekamatwa kwa mtuhumiwa, mahali paitwapo Kwa Hasani." Mhuri ulikuwepo, na tarehe. Uso ukamng'aa. "Karatasi nzuri sana hii!"

"Nzuri?" alisema Mwanaupe. "Alilala sakafuni siku tisa."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama Kudura. Ila sharti niandike jina nimelitoa wapi."

"Andika. Na uandike nyuzi zilikuwa za nini."

"Mahali padogo panapewa mistari miwili tu."

"Mwalimu, usinichoshe. Andika!"

Akainama, akaweka daftari juu ya tandiko la baiskeli. Aliandika kwamba Kwa Hasani ni kituo kati ya Kiabakari na Bunda, ambapo fundi Hasani alishona matairi ya watu wakati hayapatikani, kwa nyuzi za nyavu, na kwamba nyuzi hizo alinyang'anywa mwaka 1983 bila kukutwa na kosa. Akasoma tena, akakuna kichwa.

"Imefika mistari minne."

"Hesabu tena," alisema Mwanaupe.

Mwalimu akatazama daftari. Akatazama tairi lake la nyuma. Kisha akahesabu kwa kile kidole chenye rangi, polepole.

"Miwili," alisema, akafunga daftari.

"Na huyu ndiye aliyetufundishia watoto hesabu!" Jenoveva akapiga makofi.

Mwanaupe akamletea kigoda. Karatasi akaichukua, akaikunja kwa mikunjo yake ileile minane.