Kuku wa Mwalimu Kaijage

Mbaruku Seif alikuwa dobi pale Mirongo, katika kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa duka la vitambaa. Alishika pasi ya mkaa tangu kabla ya Uhuru. Kwanza alinyoosha kaptula za wakubwa Wazungu, kisha suruali za wakubwa wetu, na lilipokuja Azimio la Arusha akanyoosha zile suti za mikono mifupi walizopenda viongozi. Wenye nguo walibadilika, mikunjo ilikuwa ile ile.

Moshi wa mkaa ukamwingia kifuani. Mwaka wa sabini na nne daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akamwambia aache pasi, la sivyo asihesabu miaka mingi. Mbaruku alikohoa kwa heshima, akauliza akiacha atakula nini. Daktari hakuwa na dawa ya swali hilo.

Wiki hiyo hiyo ikasikika kwamba hoteli moja kando ya ziwa inatafuta mpokea wageni. Kazi ya kukaa kwenye kiti, nyuma ya meza, upepo wa ziwa ukiingia dirishani. Sharti lilikuwa moja tu: ajue Kiingereza, na usaili ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi. Ilikuwa imebaki miezi minne. Mbaruku alikuwa na Kiingereza cha maneno sita, yote ya nguo.

Akaenda kwa Mwalimu Kaijage. Huyu alikuwa Mhaya mstaafu, Mlutheri, aliyefundishwa na wamisionari huko Bukoba na sasa anakaa Mwanza kwa mwanawe. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko shati lolote lililowahi kutoka kibandani kwa Mbaruku. Alikubali kumfundisha bure, ila alitaka darasa liwe halali, liandikishwe. Kwa hiyo wakaongozana mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, Ndugu Ngosha, aliyeshika ufunguo wa stoo ya tawi la chama pamoja na orodha ya masomo ya watu wazima.

"Kiingereza?" Ngosha alishtuka kama aliyeombwa bunduki. "Ndugu zangu, mnataka nifukuzwe? Sisi tunaitoa kasumba kwa mlango wa mbele, ninyi mnairudisha kwa mlango wa stoo?"

"Mwenzetu mgonjwa, anatafuta kazi nyepesi, ndugu balozi," alisema Kaijage.

Ngosha akamtazama Mbaruku anavyohema. Hakuwa mtu mbaya. Akapitisha kidole kwenye orodha: siasa, afya, kilimo, upishi.

"Ufugaji bora wa kuku hauna mwalimu. Nawaandika kuku. Mkishaingia mkafunga mlango, mimi sijui hao kuku wenu wanasema lugha gani."

Shida ikawa moja. Mwalimu Kaijage hakuweza kusema uongo, hata ule mdogo wa kumsaidia mtu. Kama kwenye karatasi ni kuku, alisema, basi lazima kuku wawemo. Akaazima kitabu kidogo cha bwana mifugo, na tangu siku hiyo kila sentensi ya Kiingereza iliyopita kwenye ubao ule ilikuwa na kuku ndani yake. Kuku yuko juu ya meza. Jana kuku alikuwa juu ya meza. Kama kuku asingekuwa juu ya meza, angekuwa bandani. Msamiati wa wiki ya kwanza ulikuwa jogoo, tetea, kiota na utitiri. Kufika wiki ya sita walikuwa kwenye kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima, na dalili zake zote kwa wakati uliopita.

Ijumaa ilikuwa siku ya desturi. Mwalimu aliwaeleza Mbaruku na majirani waliokuwa wamejiunga naye kwamba ukikutana na Mwingereza humwulizi habari za watoto wala za mgonjwa wa nyumbani, mnaulizana tu kama mvua itanyesha. Na ukikanyagwa mguu, unayeomba radhi ni wewe. Bimdogo, muuza maandazi wa Mabatini aliyekuja darasani kwa sababu stoo ilikuwa na ubaridi, hakuweza kuvumilia.

"Yaani anikanyage yeye, samahani niseme mimi?"

"Ndivyo, mama."

"Na yeye atasema nini?"

"Naye ataomba radhi."

"Basi na kiatu nacho kiombe, wawe watatu!"

Darasa zima lilicheka. Mbaruku hakucheka, aliandika. Jioni ile mkewe, Sihaba, alimkanyaga karibu na jiko, naye akamwomba radhi kwa Kiingereza. Sihaba akatoka kwenda kwa jirani kuuliza kama ugonjwa wa kifua huweza kupanda kichwani.

Mwezi wa tisa ulipokwisha, Mbaruku alikuwa anaota kwa Kiingereza, ingawa ndoto zote zilikuwa na manyoya. Siku nne kabla ya usaili, mlango wa stoo ukagongwa. Alikuwa mkaguzi wa elimu ya watu wazima, Ndugu Maige, na nyuma yake Ngosha, jasho linamtiririka. Kaijage aliwahi kufuta maneno ubaoni, jogoo aliyemchora akabaki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Haya, wanakisomo. Nani ataniambia kideri kinaanzaje?"

Bimdogo akatazama dari. Kila mtu alijua jibu, na kila mtu aliogopa litatoka na lugha yake. Mbaruku akasimama taratibu. Akawa anachukua sentensi moja moja kichwani, anaigeuza Kiswahili, ndipo anaitoa: kuku anajitenga na wenzake, mabawa yanalegea, shingo inapinda, kinyesi kinakuwa cha kijani. Maige akauliza utitiri, akajibiwa. Akauliza viota, akajibiwa. Kila jibu lilikuja baada ya kituo kirefu, na mkaguzi aliona hiyo ndiyo busara yenyewe.

"Ndugu, wewe una kuku wangapi?"

"Kwa sasa, ndugu mkaguzi, wote wako kwenye daftari."

"Safi! Mtu wa kumbukumbu." Maige alimgeukia balozi. "Huyu ndiye tunayemtafuta. Vijiji vya Ukerewe havina mtu wa kuku. Meli ni Jumamosi. Atakaa Nansio mwezi mzima."

"Ndugu mkaguzi, Jumatatu nina..." Mbaruku alianza.

"Una nini?"

Akitaja usaili, ataulizwa Kiingereza amekipata wapi. Mwalimu Kaijage, mwenye chaki mkononi, akiulizwa ataeleza yote, mpaka jina la aliyewafungulia mlango. Mbaruku akamtazama mzee, akamtazama Ngosha.

"Nina hamu ya kuanza," akasema.

Nyumbani Sihaba alipiga makofi mawili ya kukata tamaa. "Miezi minne! Huyo mkaguzi umemjibu kila kitu cha kuku, hukuweza kumwambia unaumwa?"

"Nilisahau, mama Tatu."

"Ungekohoa! Siku zote unatukoholea sisi. Siku ya kukohoa, umenyamaza."

Jumatatu yenyewe ilimkuta Nansio. Baadaye alikuja kusikia kwamba usaili uliendeshwa kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na kwamba kazi alipewa bwana mmoja aliyelijua Azimio kwa moyo.

Kijijini alikuta banda jipya na kuku mia mbili. Alifundisha vizuri. Wiki ya tatu kideri kikaingia, na kuku wakafa wote kwa mpangilio ule ule aliokuwa ameueleza, hivyo heshima yake ikapanda. "Huyu hakosei," walisema wanakijiji wakichimba shimo. Akaandika taarifa ya kurasa nne, siku kwa siku, dalili kwa dalili. Wakubwa walisema hawajawahi kusoma vifo vilivyopangwa vizuri namna ile, wakamfanya karani wa mifugo hapo hapo Nansio. Akapewa kiti, meza na dirisha lisilo na moshi, na baada ya miezi kadhaa akawa anapanda kilima cha bomani bila kusimama.

Sihaba akahamia na watoto. Siku ya tatu tu alitaka kununua kuku wa mayai.

"Hapana," alisema Mbaruku. "Tufuge bata."

"Bata wana nini cha zaidi?"

"Magonjwa yao siyajui."